Kuumwa na Buibui Mwenye Sumu: Mwongozo Kamili wa Kutumia Mitishamba kwa Usalama

Nianze na jambo lenyewe: hakuna jani, mzizi wala gome lililothibitishwa kuzima sumu ya buibui ikishaingia mwilini mwa mtu. Nasema hivi nikiwa mtu ninayeipenda mitishamba, na kwa kuwa naipenda nataka itumike panapoifaa. Baada ya kuumwa na buibui inayo kazi yake: kutuliza muwasho, kulainisha ngozi iliyokauka, kusaidia kidonda kufunga. Kazi hiyo ina wakati wake. Saa za mwanzo ni za sabuni, maji, ubaridi, saa ya ukutani na macho yaliyo makini.

Kwa nini dawa ya kupaka haiifikii sumu

Buibui hapaki sumu juu ya ngozi. Huidunga chini yake kwa meno mawili membamba, na ikishaingia haikai pale ikisubiri jani lipondwe. Sumu ya buibui aitwaye mjane mweusi na jamaa zake wa jenasi (kundi la aina zinazokaribiana) ya Latrodectus ina protini iitwayo alpha-latrotoksini. Protini hii hushika ncha za neva na kuzifanya zimwage kwa mkupuo kemikali zote ambazo neva hutumia kupeleka ujumbe. Ndipo misuli inapokaza, jasho linapotoka na shinikizo la damu linapopanda. Buibui wa kahawia wa jenasi ya Loxosceles ana silaha nyingine, kimeng'enya kiitwacho sfingomielinasi D, ambacho huharibu utando wa seli. Kwa baadhi ya watu nyama ya pale hufa na kuacha kidonda, na kwa wachache chembe nyekundu za damu hupasuka.

Ngozi nayo imeumbwa kuzuia vitu visiingie. Maji ya jani yanaweza kutuliza tabaka la juu, lakini hayawezi kuifuata protini iliyokwisha kuingia kwenye nyama na damu. Ziko tafiti za maabara zinazoonyesha mmea fulani ukidhoofisha sumu, hasa za nyoka. Ukizisoma kwa makini utaona kwamba mara nyingi dondoo la mmea lilichanganywa na sumu kwanza, ndipo mchanganyiko ukadungwa kwa mnyama. Mtu aliyeumwa hana nafasi hiyo, kwa kuwa sumu imemtangulia.

Mbona basi wapo waliopakwa dawa wakapona? Walipona kweli, siwabishii. Aina za buibui zinazojulikana zinapita 50,000, na zinazoweza kumdhuru binadamu ni chache mno. Hata hao wenye sumu kali wakati mwingine huuma bila kuingiza sumu, au huingiza kidogo. Wengi wanaoumwa hupona kwa siku chache wakiwa wamefanya usafi tu. Kwa hiyo chochote kilichopakwa siku hiyo, kiwe tangawizi au majivu, hupewa sifa ya kuponya. Shida huja siku ile moja sumu ilipoingia ya kutosha, na familia ikaendelea kuponda majani kwa sababu mara ya mwisho yalisaidia.

Hakikisha kwanza ni buibui

Vidonda vingi vinavyoitwa "vya buibui" havikutokana na buibui. Mtu anaamka na uvimbe mwekundu, buibui hakumwona, lakini kwa kuwa wamo ndani ya nyumba wanabebeshwa lawama. Mara nyingi ni jipu la bakteria, hasa stafilokokasi sugu, ambalo huhitaji kupasuliwa na daktari au antibiotiki. Inaweza kuwa kunguni, kupe, mkanda wa jeshi, kidonda cha kisukari, au kimeta, ambacho hutoa kigaga cheusi kisichouma. Kila kimoja kati ya hivi kina tiba yake, na ukikitibu kama buibui unakipa muda wa kuendelea.

Ishara zinazoelekea kwenye buibui ni kuwa umemwona akiuma, au umemkuta amepondeka ndani ya nguo palepale ulipohisi kuchomwa, na alama iko moja. Alama nyingi zilizotawanyika au zilizojipanga mstari humwelekea zaidi kunguni au kiroboto. Uvimbe wenye usaha tangu mwanzo, uliojaa na wenye joto, ni jipu mpaka daktari aseme vinginevyo.

Ukiweza kumpata buibui bila kumgusa, mfunike kwa glasi au mtie kwenye chupa yenye kifuniko. Picha ya simu yenye mwanga mzuri inatosha. Wajane wengi ni weusi wanaong'aa, wenye tumbo la mviringo na doa jekundu au la rangi ya machungwa, mara nyingi upande wa chini. Loxosceles ni wa kahawia, miguu myembamba mirefu, wengine wana alama ya fidla mgongoni, na macho yao ni sita yaliyopangwa mawili mawili, tofauti na buibui wengi wenye macho manane. Usipoteze muda ukimsaka chini ya vitanda, maana daktari hutibu dalili.

Hatua ya kwanza: dakika kumi za mwanzo

Ondoka alipo buibui, kaa chini, tazama saa na uandike muda. Muda huo ndio utakaosaidia kutofautisha aina za sumu baadaye, na mtu mwenye maumivu huusahau upesi.

Osha mahali palipoumwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kadhaa. Vua pete, bangili, saa na kiatu cha upande huo kabla uvimbe haujaanza, kwa sababu pete iliyobanwa na kidole kilichovimba hukata mzunguko wa damu. Kisha weka ubaridi: barafu iliyofungwa kwenye kitambaa safi, au kitambaa kilicholoweshwa maji baridi. Weka dakika 10, toa dakika 10, rudia. Barafu isiguse ngozi moja kwa moja. Pumzisha kiungo, na kama ni mkono au mguu unaovimba uinue kidogo juu ya mto.

Usipashe joto. Mapishi mengi ya mitishamba yanataka majani yachemshwe na kukandwa yakiwa moto, na kwa kuumwa na buibui hilo ni kosa. Joto huongeza damu inayofika pale, na kimeng'enya cha Loxosceles hufanya kazi kwa kasi zaidi kwenye joto. Mkando wa moto unaweza kukipanua kidonda.

Kwa maumivu, parasetamoli inafaa. Mtu mzima asipite gramu 4 kwa saa 24, na mtoto apewe kulingana na uzito wake. Mwenye ugonjwa wa ini aulize kwanza. Aspirini iache, maana inazuia damu kuganda.

Hatua ya pili: kalamu

Chukua kalamu ya wino, chora mstari kuzunguka ukingo wa wekundu, andika saa pembeni ya mstari huo. Baada ya saa moja tazama tena. Wekundu ukiwa ndani ya mstari, vizuri. Ukiwa umeuvuka, chora mstari wa pili na uandike saa yake. Mgonjwa anayefika hospitali na mistari mitatu mguuni, kila mmoja na muda wake, amempa daktari habari ambayo maneno hayawezi kuitoa: uvimbe unakwenda kasi gani na kuelekea wapi.

Hii ndiyo sababu yangu kubwa ya kukataa dawa za kupaka siku ya kwanza. Manjano huitia ngozi rangi ya njano. Mkaa huifanya nyeusi, na majani yaliyopondwa huacha kijani. Rangi ya ngozi ndiyo unayoihitaji kuiona. Kwa Loxosceles, doa hubadilika: wekundu pembeni, weupe ulioparara katikati yake, kisha ubuluu au zambarau. Ukilifunika kwa dawa utaliona kesho kutwa, likiwa limekwisha kuwa jeusi.

Hatua ya tatu: jua lini pa kukimbilia ni hospitali

Kwa mjane mweusi, mchomo wenyewe unaweza kuwa mdogo kama wa sindano. Ndani ya saa moja hivi maumivu huanza kupanda kutoka palipoumwa kuelekea kwenye kinena au kwapa, kisha tumbo, mgongo au kifua. Tumbo linaweza kukakamaa kama ubao hata likafananishwa na ugonjwa unaohitaji upasuaji. Jasho hutoka, wakati mwingine kuzunguka palipoumwa tu. Kichefuchefu, kichwa kuuma, wasiwasi na shinikizo la damu hufuata. Wengi hupona ndani ya siku chache, lakini maumivu yake ni makali na yana dawa hospitalini: dawa kali za maumivu, za kulegeza misuli, na kwa hali nzito dawa ya kuzima sumu, yaani antivenomu.

Loxosceles ni msiri. Mara nyingi mtu hahisi kuumwa, na maumivu huja saa mbili hadi nane baadaye. Kidonda kikiwa kinakuja hujionyesha ndani ya siku moja hadi tatu. Jambo la kuogopa zaidi halipo kwenye ngozi: homa, uchovu usio wa kawaida, macho kuwa ya njano, na mkojo wa rangi ya chai nyeusi au kola. Hizo ni dalili kwamba damu inaharibika na figo ziko hatarini, na watoto ndio hupata hali hii zaidi. Wakati wote huo usimpe mgonjwa mchemsho wa mimea yenye rangi kali wala biti nyekundu, maana mkojo ukibadilika rangi hutajua umebadilishwa na nini.

Wapo pia buibui wa mashariki mwa Australia wa jenasi za Atrax na Hadronyche, wanaojenga utando wa umbo la faneli. Sumu yao huenda haraka sana: mdomo kuwasha na kufa ganzi, mate kumwagika, misuli kuchezacheza, pumzi kupungua. Kwa hao kiungo chote hufungwa bendeji pana ya kubana na kuwekewa gango, na mgonjwa hatembezwi. Tangu antivenomu yao ilipoanza kutumika mwaka 1981 hakuna kifo kilichorekodiwa kutokana na kuumwa nao. Kwa mjane na Loxosceles bendeji ya kubana haifai. Kwa mjane huongeza maumivu, na kwa Loxosceles huifungia sumu mahali pamoja.

Nenda hospitali bila kusubiri ukiona pumzi ngumu, uso au ulimi kuvimba, misuli kukakamaa, kutapika, jasho jingi, homa, mkojo mweusi, doa linalogeuka zambarau, au wekundu unaovuka mstari wako saa hadi saa. Mtoto mdogo, mjamzito, mzee na mwenye maradhi ya moyo hawasubiri hata dalili hizo kama buibui anadhaniwa ni wa hatari. Mchomo uliochafuka unahitaji pia kuangaliwa chanjo ya pepopunda, hasa kama ya mwisho ina zaidi ya miaka 10, na daktari anaweza kuirudia mapema zaidi.

Mambo ya kutofanya hata ukishauriwa na mtu unayemheshimu

Usichanje. Wembe hautoi sumu. Unafungua njia ya bakteria na kukata mishipa midogo. Usinyonye kwa mdomo. Usifunge kamba juu ya jeraha, maana kiungo kinaweza kufa kwa kukosa damu. Jiwe jeusi halivuti sumu, wala mkaa wa kupaka. Mafuta ya taa, asidi ya betri na shoti ya umeme huunguza tu.

Katika mimea, mitatu nataka niitaje kwa jina. Kitunguu saumu kibichi kilichopondwa na kufungwa kwenye ngozi huunguza, na madaktari wamekwisha kuona malengelenge makubwa yaliyotokana nacho. Juu ya ngozi ambayo tayari inashambuliwa na sumu, unaongeza kidonda juu ya kidonda. Pilipili ni hivyohivyo. Wa tatu ni tumbaku iliyoloweshwa, dawa ya zamani ya wadudu wanaouma. Nikotini hupenya ngozi, na ikizidi huleta kichefuchefu, kutapika, jasho na moyo kwenda mbio. Dalili hizo zinafanana na za mjane mweusi kiasi kwamba daktari anaweza kushindwa kujua zimeletwa na kipi, buibui au tumbaku.

Hatua ya nne: sasa mitishamba

Iwapo saa 24 zimepita, wekundu umebaki ndani ya mstari, hakuna dalili ya mwili mzima na ngozi haijapasuka, hapo mitishamba ina nafasi. Kabla ya kupaka chochote, jaribu kidogo upande wa ndani wa mkono mzima, funika, tazama kesho yake. Ngozi ikiwasha, dawa hiyo haikufai.

Ninayoianza mimi daima ni shubiri, ile aloe vera. Kata jani nene la chini, lioshe, kisha lisimamishe wima ndani ya chombo kwa dakika 15 hivi. Utaona utomvu wa njano ukichuruzika kutoka kwenye mkato. Huo umwage, kwa kuwa unawasha ngozi, na ukinywewa huharisha vibaya. Suuza jani, chonga miiba ya pembeni, menya upande mmoja, kisha kwangua ute mweupe wa ndani kwa kijiko safi. Paka tabaka jembamba mara mbili au tatu kwa siku, ngozi ikiwa imeoshwa. Ute huu unapoza na kulainisha, na hukauka bila kufunika rangi ya ngozi, jambo ambalo kwangu ni sifa kubwa. Uliobaki uweke kwenye friji, na usipite siku mbili tatu.

Kwa muwasho, mkando baridi wa kamomili au chai ya kijani husaidia. Tengeneza kama chai ya kunywa lakini nzito zaidi, acha ipoe kabisa, chuja vizuri, loweka kitambaa safi na uweke dakika 10. Mtu mwenye mzio wa maua ya jamii ya alizeti aiepuke kamomili. Mkando huu ni wa ngozi iliyofunga tu.

Mwarobaini una sifa kubwa, na majani yake yameonyesha uwezo wa kuzuia baadhi ya bakteria maabara. Maji ya majani yaliyochemshwa na kupoa yanaweza kutumika kusafisha ngozi nzima iliyo kuzunguka jeraha. Mafuta yake asinyweshwe mtu, na zaidi ya wote mtoto. Kuna watoto waliopata degedege na kudhurika ini na ubongo baada ya kunyweshwa. Mafuta ya mti wa chai (tea tree, si mchai wa kunywa) ni vivyo hivyo: yachanganywe na mafuta mengine kabla ya kupaka, yasiguse kidonda kilicho wazi, yasimezwe.

Manjano huwa naulizwa sana. Kurkumini iliyomo imeonyesha kutuliza uvimbe maabara, ingawa mwili huifyonza kwa shida. Sina ugomvi nayo baada ya siku tatu nne, ngozi ikiwa imetulia na mstari wa kalamu hauna kazi tena. Tangawizi ya kunywa kwa kichefuchefu ni suala jingine: kichefuchefu baada ya kuumwa na buibui ni ujumbe, na ujumbe huo upelekwe hospitali kabla ya kunyamazishwa kwa kikombe. Tangawizi, manjano na kitunguu saumu kwa wingi vinaweza pia kuongeza utokaji wa damu kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini.

Hatua ya tano: kidonda kilichofunguka

Kama ngozi imekufa na kuacha kidonda, daktari akione kwanza. Mara nyingi atasubiri hadi ukingo wa nyama iliyokufa ujitenge vizuri ndipo aamue kuikata au kuiacha idondoke yenyewe, kwa kuwa kukata mapema kumekuwa kukiongeza uharibifu. Kipindi hiki kinaweza kuchukua wiki nyingi, hata miezi, na ndipo asali inapopata heshima yake.

Asali huvuta maji, ina tindikali, na ikilowana hutoa kiasi kidogo cha haidrojeni peroksaidi. Bakteria hawastawi humo. Tumia asali ya hospitali iliyosafishwa kwa mionzi, kwa sababu asali ya kawaida, hata ikiwa safi kabisa kwa kula, inaweza kubeba mbegu za bakteria wa Clostridium. Osha kidonda kwa maji ya chumvi ya hospitali, paka asali kwenye shashi na si moja kwa moja kwenye nyama, funika kwa bendeji kavu juu yake. Badilisha kila siku, au kila bendeji inapolowa. Kuchoma kidogo dakika za mwanzo ni kawaida. Maumivu yanayoongezeka, harufu, usaha au wekundu mpya si kawaida.

Ukienda kliniki, mwambie daktari kila ulichopaka na ulichokunywa, kwa jina na kwa siku. Usione haya. Daktari asiyejua kwamba kidonda kimekuwa kikipakwa kitunguu saumu anaweza kudhani sumu bado inasambaa. Kidonda kisipoonyesha kupungua ndani ya wiki chache, omba kichunguzwe upya, kichukuliwe kipande kidogo kipelekwe maabara, maana huenda hakikuwa cha buibui tangu mwanzo.